Boma Moja, Sifuri Mbili

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Kakamega nikichimba mtaro. Naam, mtaro, kwa jembe na sururu, mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kubonyeza vitufe. Leo basi hatuzungumzi habari za programu. Tunazungumza habari za waya mmoja wa shaba, usio na ganda, ambao sasa umelala ardhini kati ya paneli za jua na nyumba ya wazazi wangu, na kwa nini nilibishana na watu wawili ninaowaheshimu mpaka ukafukiwa.

Kwanza nikupe picha ya mahali penyewe. Nyaya za umeme wa taifa hazijafika bomani kwetu. Kwa miaka mingi tulikuwa na paneli moja ndogo ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu. Mwishoni mwa 2024 tuliamua kujenga mtambo wetu wenyewe: paneli sita za wati 450 kila moja, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu. Paa la nyumba halikufaa kwa sababu mchwa wamekwisha kula mbao zake, kwa hiyo tulizika miguu ya chuma kwenye zege pale nje, mita 25 kutoka nyumbani, mahali pasipo na kivuli cha miti. Vyuma vilichomelewa na fundi wa kijijini, mtu hodari sana. Mzee wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye aliyepima mwelekeo na mwinamo. Mimi nilikuja likizo ya Krismasi kuunganisha nyaya.

Siku ya kwanza ya majaribio kila kitu kilikwenda vizuri. Inveta ikawaka, betri ikaanza kujaa, na jokofu la Mama likanguruma kwa mara ya kwanza. Jioni yake Mama akaniita.

"Mwanangu, kile chuma chenu kina nini? Nimeanika kanga pale, mkono ukaniwasha kama nimeguswa na upupu."

Alikuwa peku, na nyasi zilikuwa na umande. Nilichukua multimita, nikachomeka msumari mrefu ardhini, nikapima kati ya msumari na fremu ya paneli. Volti 83. Nilipounganisha balbu ndogo hapo katikati, haikuwaka hata kidogo na volti zikaporomoka.

Hili si jambo la ajabu, na afadhali tulielewe kabla hatujaendelea. Inveta nyingi za bei nafuu za siku hizi hazina transfoma ndani ya kutenganisha upande wa paneli na upande wa umeme wa nyumba. Kwa hiyo nyaya za paneli hazitulii kimya. Zinapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde pamoja na umeme wa nyumba. Paneli nayo ni tabaka jembamba la seli, juu yake kioo, na pembeni yake fremu ya aluminiamu. Umbo hilo ni kapasita kubwa. Mkondo mdogo, wa miliampea chache, unavuka kutoka kwenye seli mpaka kwenye fremu. Fremu ikiwa haijaunganishwa na ardhi, mkondo huo hungoja njia. Jioni ile njia ilikuwa Mama yangu.

Kesho yake fundi alikuja na dawa. Alileta rodi ya chuma iliyopakwa shaba, ya futi tano, akaipigilia ardhini kando ya paneli kwa nyundo kubwa, akaifunga kwenye fremu kwa waya. Nikapima tena. Sifuri, au karibu na sifuri. Mama akagusa, hakuna kitu. Fundi akafuta jasho, akaniambia huku akicheka, "Umeona, enjinia? Athingi imekwisha. Kazi nyingine?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Wenzangu tunaoandika programu mnajua hali hii. Kosa linatokea, mtu anabadilisha mstari mmoja, kosa halionekani tena, kila mtu anashangilia. Lakini kutoonekana kwa kosa na kuondoka kwa kosa ni mambo mawili. Rodi ya fundi ilikuwa imeondoa muwasho. Swali langu lilikuwa jingine: je, siku umeme wa kuua utakapofika kwenye fremu ile, rodi hii itafanya nini?

Maana nyumba nayo ilikuwa na rodi yake, iliyopigiliwa nyuma ya jiko, na inveta ilikuwa imefungwa kwenye rodi hiyo. Kwa hiyo boma letu sasa lilikuwa na rodi mbili, moja huku, moja kule, na kati yao mita 25 za udongo tu. Fundi alisema zote zimeingia kwenye dunia ileile, kwa hiyo ni kitu kimoja.

Hapo hasa ndipo watu wengi hupotea, na sina haki ya kuwacheka, kwa kuwa vitabu vyenyewe vinatuchorea ardhi kwa alama moja ndogo na kutwambia kwamba pale ni sifuri. Kwenye karatasi ni kweli. Kwenye udongo wa Kakamega, si kweli. Udongo ni kipitisha umeme kibovu sana ukilinganisha na shaba. Kuna hesabu ya kawaida ya kukadiria ukinzani wa rodi: ukichukua udongo wa wastani wa omu-mita 100, rodi ya mita 1.5 yenye unene wa milimita 16 inakupa kama omu 60. Ukichukua rodi ya mita 2.4 unapata kama omu 40. Unaona? Umeongeza urefu kwa zaidi ya nusu, na bado uko kwenye makumi ya omu. Kipande cha waya wa shaba wa milimita za mraba 16, wenye urefu uleule wa mita 25 kutoka paneli hadi nyumbani, kina ukinzani wa omu 0.03 hivi. Tofauti hiyo si ndogo. Ni zaidi ya mara elfu moja.

Niliazima mita ya kupima ardhi kutoka kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya kufunga mitambo. Inatumia vijiti viwili vya ziada vinavyopigiliwa mbali na rodi, kimoja cha kupitisha mkondo na kingine cha kupima volti. Rodi ya paneli: omu 48. Rodi ya jikoni, ambako maji ya kuoshea vyombo humwagika kila siku: omu 31. Hii ilikuwa Januari, kiangazi. Udongo ukikauka ukinzani hupanda, kwa hiyo ukipima wakati wa masika pekee unajidanganya.

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana hesabu ndiyo iliyonipa moyo wa kubishana na watu wazima.

Ndugu yangu mdogo alitaka taa ya usalama ifungwe juu ya nguzo ya paneli, kwa sababu ya wezi. Taa ya volti 240, inayolishwa na inveta. Tuseme miaka mitatu ijayo panya anatafuna waya wa taa hiyo, na waya wenye moto unagusa nguzo. Mkondo unataka kurudi kwenye inveta. Njia yake ni ipi? Kupitia rodi ya paneli, udongoni, halafu rodi ya jikoni. Omu 48 na omu 31, jumla omu 79. Gawanya 240 kwa 79: ampea 3. Breka ya ampea 10 inaona ampea 3 na kufikiri ni pasi ya nguo imewashwa. Haikati. Na zile ampea 3 zikipita kwenye omu 48 za rodi ya paneli, fremu inakaa kwenye volti 146 juu ya udongo wa mbali. Usiku kucha. Mpaka asubuhi Mama aje na kanga zake, peku, kwenye umande.

Na safari hii si miliampea za kuwasha mkono.

Ukiunganisha fremu na nyumba kwa shaba, mambo yanageuka. Kwenye mfumo wetu nyutro ya inveta imeungwa na ardhi mahali pamoja tu, ndani ya nyumba. Mkondo wa kosa unapata njia ya chini ya omu moja, unakuwa mkubwa papo hapo, na ama breka inakata ama inveta inazidiwa na kujizima. Yaani kazi ya kukata umeme wa kosa inafanywa na waya. Rodi peke yake haiwezi. Kisha tukaongeza ile swichi inayohisi mkondo unaovuja, RCD ya miliampea 30, kwenye laini ya taa, kwa sababu ulinzi mmoja ukishindwa lazima uwepo wa pili.

Fundi alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema katika miaka yake ya kazi hajaona mtu akifukia waya wa namna hiyo. Na alikuwa anasema kweli. Amefunga mifumo mingi ya volti 12, paneli moja juu ya paa, taa nne na redio. Kwa mifumo ile ujuzi wake unatosha. Lakini paneli zetu sita zikiungwa mfululizo zinafika karibu volti 300 za mkondo wa moja kwa moja. Huo ni mnyama mwingine, japo manyoya yake yanafanana.

Alipendekeza pia tufunge waya hasi wa paneli kwenye rodi, kama gari linavyofungwa kwenye bodi. Hapa nilikataa kabisa. Inveta isiyo na transfoma haitaki waya wowote wa paneli uguse ardhi, wala chanya wala hasi. Kitabu chake kinakataza waziwazi, na ukifanya hivyo unatengeneza shoti kupitia ndani ya mashine. Kinachofungwa ardhini ni vyuma: fremu, nguzo, sanduku la inveta. Nyaya za kubeba umeme wa paneli ziache zielee.

Mzee alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mfuko. Waya wa mita 30, rodi mbili za nyongeza, vishikizo na vifaa vya kuzuia mpigo wa radi vilikaribia bei ya paneli mbili.

"Kijana," akasema, "unataka nizike pesa ardhini. Waya huo utawasha taa ngapi?"

"Hautawasha hata moja, Baba."

"Basi unafanya nini?"

Nikamwambia habari ya radi, kwa kuwa kwetu radi haihitaji utangulizi. Nyanda zinazozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kila mtu Kakamega anamjua mtu aliyepoteza ng'ombe chini ya mti. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo na kuua wanafunzi 18. Mzee aliikumbuka habari hiyo. Mwalimu hasahau habari ya namna hiyo.

Radi hubeba makumi ya maelfu ya ampea. Usichukue zote, chukua ampea 1,000 tu, sehemu ndogo ya radi iliyopiga mti wa jirani na kuingia kwenye vyuma vyetu. Kwenye rodi ya omu 48, hizo ni volti 48,000. Kwa muda ule mfupi, "sifuri" ya paneli imepanda hadi 48,000, wakati "sifuri" ya jikoni imebaki chini. Na ni kitu gani pekee kinachounganisha sehemu hizo mbili? Nyaya za paneli, zilizotengenezwa kuvumilia volti 1,500, zinazopita moja kwa moja hadi kwenye inveta ukutani sebuleni. Umeme utaruka humo. Rodi ya pili, ile iliyoletwa kuwa mlinzi, ndiyo itakayokuwa imeufungulia mlango.

Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akasema jambo ambalo mimi, na shahada yangu ya kompyuta, sikuwa nimelipata kwa maneno rahisi kiasi hicho.

"Kwa hiyo ni kama ramani mbili. Mpimaji mmoja anahesabu urefu wa mlima kuanzia usawa wa Bahari ya Hindi, mwingine anaanzia usawa wa Ziwa Victoria. Kila mmoja ana sifuri yake, na kila mmoja yuko sawa kwenye karatasi yake. Lakini ukijenga mfereji kwa ramani zote mbili, maji yatakuzamisha."

Nikamwambia, "Baba, hiyo ndiyo hotuba yote." Ziwa lile liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Sifuri mbili, na kati yake maporomoko.

Akatoa pesa.

Na hili ndilo ninalotaka ulibebe, msomaji, hata ukisahau tarakimu zote. Kazi ya kuunganisha vyuma na ardhi si kuvipeleka kwenye sifuri ya kweli. Sifuri ya kweli haipo. Kazi yake ni kuvifanya vyuma vyote ambavyo mtu anaweza kugusa vipande pamoja na kushuka pamoja. Ndege hukaa kwenye waya wa umeme mkubwa bila kudhurika kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye volti ileile. Tulitaka boma lote liwe mguu mmoja.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Mtaro wa sentimita 60 kwenda chini, kutoka paneli hadi ukuta wa nyumba, nyaya za paneli ndani ya bomba na shaba tupu kando yake. Rodi mbili zaidi upande wa paneli, kila moja mita tatu kutoka kwa mwenzake. Moja iligonga mwamba ikagoma, na wanaokijua kile kijiwe kinacholia pale Ilesi wanajua mawe ya kwetu si ya mchezo, tukaihamisha. Rodi tatu zikiungwa pamoja hazigawi ukinzani kwa tatu kamili, kwa sababu zinagombania udongo uleule. Tulipata omu 20. Tulipounga na ya jikoni, mfumo mzima ukasoma omu 13.

Sehemu iliyokula muda zaidi ni ile isiyoonekana. Fremu za paneli zina ngozi nyembamba ya oksidi ambayo haipitishi umeme. Ukifunga waya juu yake kwa boliti ya kawaida, kwa macho umeunganisha, kwa umeme hujaunganisha. Tulitumia washa zenye meno ya kukata ngozi hiyo, za chuma kisichoshika kutu. Kwenye nguzo tulikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, kisha tukapaka rangi juu ya kiungo. Shaba haikuruhusiwa kugusa aluminiamu moja kwa moja, maana zikipata unyevu hulana. Ncha zote za waya zilikuwa za shaba iliyopakwa bati. Kila kiungo nilikipima. Fremu mbili zilizokuwa bega kwa bega, boliti juu ya boliti, zilionyesha hakuna muungano kabisa kabla ya zile washa.

Lazima niseme pia mipaka ya waya huu, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Haukingi radi ikipiga paneli zenyewe. Radi hupanda kwa kasi ya ajabu, na kwa kasi hiyo hata shaba nene hukataa kupitisha mkondo upesi. Ncha zake mbili zinaweza kutofautiana kwa maelfu mengi ya volti kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana tulifunga vizuizi vya mpigo, SPD, pande zote mbili: kimoja kwenye sanduku la paneli, kimoja kando ya inveta. Mwongozo unaotumika sana unasema umbali ukizidi mita 10, kimoja hakitoshi. Sisi tuna 25.

Mwisho tulimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, daraja la T3, akague kila kitu kabla ya kuwasha tena. Sheria za Kenya za mitambo ya sola zina madaraja hayo tangu 2012, na mfumo wa ukubwa huu si wa kubahatisha, hata kama umesoma blogu ya mtu fulani. Alipita na mita yake, akavuta kila waya, akaandika. Yule fundi wetu wa kijijini alimfuata hatua kwa hatua, akiuliza maswali mazuri kuliko yangu. Sasa anasema anataka kufanya mtihani wa leseni, na Mzee amemwahidi kumsaidia kwa hesabu.

Kama nawe una paneli uani, nenda katazame leo, mchana, bila kugusa kitu. Tafuta rodi ya paneli. Tafuta rodi ya nyumba. Halafu jiulize: waya unaoziunganisha uko wapi? Usipouona, wala hakuna anayekumbuka kuufukia, mwite mtu mwenye leseni kabla ya masika. Na kamba ya kuanikia nguo ifunge mbali na vyuma. Ya Mama sasa iko kati ya miparachichi miwili, na anasema huko kanga hukauka upesi zaidi.

Wiki ijayo narudi kwenye programu, naahidi. Mikono bado ina malengelenge. Kwaherini kwa sasa.